Chini ya Chokaa ya Soko la Zamani

Wifi yangu Vestina hajui kukaa. Nimemjua miaka mingi na sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai kwenye kiti alichoanzia. Chai ataianza mlangoni, ataiendeleza uani, na kikombe atakisahau kwa jirani. Nyumba yake iko Nsemulwa na shamba lake liko Kabungu, na ukimtafuta sehemu moja utaambiwa ametoka sasa hivi kwenda sehemu nyingine. Kaka yangu Ambrosi, ambaye ndiye mumewe, alishazoea. Yeye husema alioa miguu, mtu mwenyewe anamsubiri bado.

Mimi ni Mariana. Nauza dagaa Soko la Zamani hapa Mpanda, mwendo mfupi kutoka stesheni, na mdomo wangu unajulikana kuanzia Makanyagio hadi Kawajense. Naandika habari za Vestina kwa sababu mdomo huo ndio uliomponza, na sitaki mtu mwingine azisimulie kabla yangu.

Alizaliwa mwaka wa hamsini na tatu, kwenye kambi ya wafanyakazi wa mgodi wa madini ya risasi. Baba yake, Mzee Méthode, alitoka Urundi akiwa kijana mbichi, akafuata kazi ya reli wakati Waingereza wanaileta kutoka Kaliua. Reli ilipofika mwisho wake, yeye naye akaona amefika. Akabaki kujenga. Alisomba mawe ya stesheni, akapiga matofali ya nyumba za mabwana wa mgodi, akachanganya sementi ya soko hili ninalouzia dagaa. Nguzo za soko letu ni vyuma vya reli vilivyobaki, na mwisho wa jengo kuna jukwaa la zege ambapo zamani walikuwa wanapima nta na asali kutoka porini. Mizani ilishaondolewa. Siku hizi pale juu anakaa Goreth na ndimu zake.

Mwaka wa sitini mgodi ukafungwa. Vestina alikuwa na miaka saba, na hiyo ndiyo habari pekee ya utoto wake anayoisimulia bila kusimama kwenda kuangalia kitu jikoni.

"Wifi, watu walikuwa wanapungua kila treni ikiondoka," aliniambia. "Leo unacheza na mtoto, kesho nyumba yao ina popo. Mimi nilikuwa nikisikia tu honi nakimbia stesheni kuangalia ni nani sasa."

Baba yake aligoma kuondoka. Alisema yeye amejenga mji, auache aende wapi? Akalima Kabungu mpaka akafa mwaka wa sitini na nane, na mama yake Vestina akamfuata muda si mrefu. Lakini binti alibaki na ule ugonjwa. Hadi amekuwa mama mtu mzima, honi ya treni ikilia ataacha unga kwenye maji ya moto, atoke mlangoni, asikilize. Nilimcheka sana kwa hilo. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na wasiwasi wa kuachwa kwa miaka thelathini na saba na bado akacheka na wewe.

Kaka yangu alimwoa mwaka wa sabini na nne. Mzee Méthode alikuwa amebatizwa kwao, ila hapa alichukua mke wa pili, mama yake Vestina, kwa hiyo padri alimnyima sakramenti na mtoto wake hakubatizwa. Ndiyo maana Vestina alibatizwa akiwa msichana mkubwa, miezi miwili kabla ya ndoa. Cheti chake cha ubatizo kinasema 1974. Mwaka mmoja kabla ya hapo ndipo Warundi waliokimbia vita vya sabini na mbili kwao walipoanza kuletwa Katumba na kupewa ardhi. Ukaribu huo wa tarehe ulikuja kutukalia vibaya baadaye, lakini wakati ule nani alijali? Tulikula pilau, tukacheza.

Tena tulitaniana. Kwetu, wifi asiyekutania hakupendi. Siku aliyoletwa nyumbani nilimpokea mlangoni nikamwuliza kwa sauti mbele ya wazee, "Huyu mkimbizi ametoroka Katumba na nani?" Watu walivunjika mbavu. Yeye, akiwa bado na kitenge cha harusi usoni, akajibu, "Nimetoroka peke yangu, mchawi wewe, na nimekuja kukufukuza." Nikajua hapohapo kwamba tutaelewana. Kuanzia siku hiyo nilimwita mkimbizi, akaniita mchawi. Alikuja mezani kwangu akachota dagaa kiganja kizima bila kuomba, akala akinitukana. Mimi nilikwenda kwake nikabeba mhogo wake bila kuaga. Tumelingana umri, na miaka ishirini na tatu hatujawahi kuamkiana kwa adabu.

Sasa, mwaka wa tisini na saba. Burundi kulikuwa na vita tena na watu walikuwa wanavuka. Serikali ikataka kujua ni nani anaishi wapi, na wageni waliokuwa nje ya makazi ya wakimbizi kama Katumba wakaanza kuandikwa ili wapelekwe huko. Kwetu alitumwa karani anaitwa Celestin, kijana mwembamba, si mtu wa hapa, shati lake limefungwa hadi kifungo cha shingo kwenye jua la Septemba. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba, na siku ya soko akapita meza kwa meza.

Alipofika kwetu, Vestina alikuwa amesimama pembeni yangu anatafuna dagaa zangu. Karani akamwuliza jina. Vestina Méthode. Amezaliwa wapi? Hapahapa. Ana karatasi gani? Ana cheti cha ubatizo, kipo nyumbani, cha mwaka wa sabini na nne. Karani akanyanyua macho kutoka kwenye daftari, akanigeukia.

"Wewe mama ni nani wake?"

"Mimi wifi yake."

"Huyu ametokea wapi?"

Mungu anisamehe. Wanawake wote wa mstari wa dagaa walikuwa wananiangalia wakisubiri nichekeshe, nami sijawahi kuwanyima.

"Huyu? Mkimbizi huyu!" nikasema. "Katoroka Katumba, kaka yangu akamwonea huruma. Mwandike, baba, mumchukue leo hii tupumzike!"

Mstari mzima ukapasuka. Vestina mwenyewe alicheka hadi akapaliwa na dagaa, akamwambia karani, "Na huyu mwandike mchawi." Karani alitabasamu kidogo, kama mtu aliyechoka, akaandika, akaenda kwa Goreth. Nilidhani anaandika kitu kingine.

Siku nane baadaye orodha ikabandikwa kwenye ofisi ya kata. Nilikwenda kuisoma kwa umbea tu, nione ni nani na nani. Namba ya kumi na saba ilikuwa Vestina Méthode, Nsemulwa. Pembeni palikuwa na sehemu ya kuonyesha habari zimepatikana wapi. Wengine waliandikiwa "kadi" au "mwenyewe". Kwake paliandikwa "maelezo ya ndugu". Chini kabisa pakaandikwa kwamba lori litawachukua Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Nilisimama pale mpaka watu wakanipiga kikumbo. Nilitaka kuichana ile karatasi, nikaona askari. Nikaenda nyumbani kwa Ambrosi, nikakuta ameshaambiwa. Vestina alikuwa anazunguka uani, anafunga kuku, anamfungua, anamfunga tena.

"Ni nani amesema mimi nimetoka Katumba?" aliuliza. "Ni ndugu gani? Baba yangu hakuacha ndugu hapa."

"Adui," kaka yangu akasema. "Kuna mtu anataka shamba letu la Kabungu."

Nami nikanyamaza. Ndiyo, nilinyamaza. Nilijiambia nitamtafuta karani kimyakimya, nimweleze, afute jina, na Vestina asijue kabisa ndugu huyo ni nani. Naomba msinihukumu haraka. Au nihukumuni, sijali, nimeshajihukumu mwenyewe.

"Mimi siwadharau wa Katumba," Vestina akasema. "Wananunua kwangu mahindi, wanalima kunishinda. Lakini mimi kwetu ni hapa. Wakinipandisha lile lori, nani atarudi kunichukua?" Kuku akamponyoka, akamkimbiza hadi barabarani, nasi tukabaki tunaangalia mlango.

Jumatatu asubuhi nilimkuta Celestin ofisini. Nikamwambia yule wa kumi na saba alizaliwa hapa, baba yake alijenga soko. Sikusema lile jingine. Akanijibu kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko ukali.

"Mama, kila mtu aliyeandikwa ana wifi anayesema amezaliwa hapa. Nina cheti cha mwaka wa sabini na nne. Nina maelezo ya ndugu. Niletee kitu cha kushika, kinachoonyesha baba yake alikuwepo kabla ya sabini na mbili."

Kitu cha kushika! Wiki ile nilijua mji wangu kuliko nilivyoujua miaka arobaini na nne. Dagaa niliziacha kwa Goreth. Nilikwenda stesheni, mkuu wa stesheni akaniambia vitabu vya zamani vilihamishwa siku nyingi. Nikapanda kule mgodini kwa miguu nikakuta mashimo na kuta zisizo na mabati, mbuzi wamelala kwenye nyumba ya bwana mkubwa. Kambi aliyozaliwa Vestina ni uwanja wa mtama. Nikaenda makaburini, msalaba wa Mzee Méthode ulikuwa wa mti na mchwa walishaumaliza. Kila nilipogusa palikuwa pamewahi kuwa na kitu. Nilikuwa nakasirika kama mtu aliyeibiwa, wakati hivyo vyote nilivipita kila siku na sikuwahi kuviangalia.

Jumanne mchana ndipo nikamkumbuka Yotham. Huyu ni mzee aliyekuwa akibadilisha njia za treni stesheni, sasa hasikii vizuri, anasuka vikapu nyuma ya reli. Nikampigia kelele sikioni jina la Méthode.

"Méthode wa sementi!" akasema. "Alikuwa rafiki yangu. Jina lake si liko sokoni?"

"Wapi sokoni, babu?"

"Ukutani, upande wa mizani ya nta. Walipomaliza kupiga lipu mwaka wa hamsini na moja, fundi mkuu aliwaachia waandike majina chini kabla haijakauka. Mimi sikuwa wa ujenzi lakini nilikuwepo, nilijua kuandika, ndiyo nikawaandikia wale wasiojua. Niliandika Méthode kwa mkono wangu huu."

Nilimbusu kipara. Nikakimbia sokoni, nikapiga magoti nyuma ya jukwaa la Goreth, nikaangalia ukuta wa upande wa mizani. Mweupe. Mweupe pee, hadi unaumiza macho, chokaa bado mbichi.

Lazima nieleze kazi ya kaka yangu. Ambrosi ni kibarua wa kupaka chokaa. Mwenge wa Uhuru ukikaribia kupita mji wetu, au mgeni yeyote mkubwa, Ambrosi huitwa. Anapaka mawe ya barabarani, mashina ya miti, nguzo ya bendera, choo cha stendi, na soko. Anapaka kila kitu kisichokimbia. Chokaa yake anaichanganya na chumvi ili isitoke ikiguswa, na hamwachii mtu brashi yake ya katani. Alianza mwaka wa sabini na moja. Mara moja, alipokuja mgeni mkubwa zaidi ya wote, alitia na sementi ili idumu. Na mwaka huo wa tisini na saba Mwenge ulikuwa unakuja Jumamosi, kwa hiyo alikuwa amemaliza kupaka soko siku iliyotangulia.

Yaani kwa miaka ishirini na sita mwanaume huyu alikuwa anamfukia baba mkwe wake.

Nilipomwambia, aliangalia vidole vyake vilivyopasuka kwa chokaa. Vestina alikuwepo, kwa mara ya kwanza amesimama mahali pamoja.

"Jana nimemaliza," Ambrosi akasema. "Bwana afya amepita, amenisifu."

"Basi umesifiwa," nikamwambia. "Mkeo anaondoka Alhamisi."

"Ningejua, Mariana. Ningeacha hata kipande. Hakuna mtu aliyeniambia pana majina pale!"

"Hakuna aliyekwambia kwa sababu uliyafunika kabla hatujakua na akili ya kuuliza," nilimjibu, na haikuwa haki, lakini nilikuwa natafuta mtu wa kugawana naye lawama.

Jumatano kulipokucha alibeba ndoo na kisu cha kukwangulia. Mpaka leo namheshimu kwa hilo. Kibarua wa halmashauri kukwangua ukuta siku tatu kabla ya Mwenge ni kujifukuza kazi mwenyewe, na kila mtu aliyepita alimwambia hivyo. Alianza chini, usawa wa goti, kama Yotham alivyoelekeza. Chokaa ya juujuu ilitoka kirahisi. Kisha ikaja ngumu, ile ya sementi, na kisu kikawa kinateleza.

"Patasi," mtu akasema.

"Patasi itang'oa na herufi," Ambrosi akakataa.

Goreth ndiye aliyepata dawa. Alishuka jukwaani, akakata ndimu mbili, akasugua ukuta. Ukatoa povu dogo dogo, na chokaa ikaanza kulainika. Sisi wanawake tunajua ndimu inavyofanya kwenye sinki, lakini nani angefikiria ukuta? Tukapiga magoti mstari mzima, wauza dagaa na wauza nyanya, kila mmoja na ndimu yake na kijiko, tunasugua na kukwangua, mikono inawaka. Vestina alikuwa anakwangua haraka kuliko wote, anahama kutoka huku kwenda kule, hadi Ambrosi akamshika bega.

"Tulia hapa hapa, mama. Kidogo kidogo."

Karibu saa saba mchana likatoka jina la kwanza, la mtu tusiyemjua. Kisha la pili. Kisha nambari 1951, kubwa, imeandikwa kwa kijiti. Nilimtuma mtu amwite karani na mwingine amlete Yotham. Na Vestina, aliyekuwa peke yake upande wa kona, akasema kwa sauti ndogo, "Huyu ni baba."

Tukasogea. Palikuwa na neno METHODE, na chini ya neno palikuwa na kiganja. Mtu ambaye hakujua kuandika alikuwa amegandamiza mkono wake kwenye lipu mbichi ili naye aweke chake. Kiganja kilikuwa na vidole vinne vizima. Cha shahada kilikuwa kimeishia kwenye kifundo cha kwanza.

"Kilikatwa na reli," Vestina akasema. "Alikuwa akinishika mkono nilikuwa nakisikia." Akaweka mkono wake juu ya ule wa zege, na yule mwanamke asiyejua kukaa akakaa chini, kwenye maji ya chokaa na maganda ya ndimu, akalia. Nami nililia. Goreth alilia na ndimu zake zimekwisha.

Celestin alifika na daftari, nyuma yake kundi la watu. Aliinama akasoma, akapima kiganja kwa macho. Akamwuliza Yotham maswali kwa kupiga kelele, na Yotham akajibu kwa kupiga kelele zaidi: ndiyo, namfahamu, ndiyo, mtoto wake ni huyu, nilimwona akiwa na nepi. Karani akaandika yote. Alikuwa mtu wa haki, siwezi kumsingizia.

"Hii inatosha," akasema mwisho. "Ukuta nimeuona, shahidi ninaye. Lakini nina kitu kingine kwenye faili. Yapo maelezo ya ndugu kwamba alitoroka Katumba. Siwezi kuyaacha yakae pamoja na haya. Huyo ndugu lazima ayakane mwenyewe na kuweka sahihi. Kama hayakani, nitapeleka vyote juu waamue, na lori ni kesho."

"Mtaje!" Ambrosi akasema. "Mtaje nimwone uso!"

Celestin hakutaja. Alifungua tu daftari na kusubiri, na hakuniangalia. Nadhani alikuwa ananipa nafasi.

Ningeweza kumfuata ofisini baadaye. Nilifikiria hivyo kabisa, nakiri. Lakini Vestina alikuwa bado amekaa chini, mkono wake juu ya ukuta, anazungusha macho kwa kila uso kwenye lile kundi akimtafuta adui yake. Alimwangalia Goreth. Alimwangalia jirani yake wa Kabungu. Mimi alinipita bila hata kusita. Hilo ndilo lililonishinda.

"Ni mimi," nikasema.

Kaka yangu hakuelewa. "Wewe nini?"

"Mimi ndiye ndugu. Siku ile alipopita na daftari. Nilisema mkimbizi huyu, mumchukue. Nilikuwa natania. Nyie wote mlikuwepo, mlicheka!"

Hakuna aliyecheka sasa. Wanawake wa mstari wangu waliangalia maganda. Nikachukua kalamu, nikaandika pale aliponionyesha karani, kwamba mimi Mariana nilisema uongo kwa mzaha, na kwamba Vestina binti Méthode ni mzaliwa wa Mpanda. Mkono ulikuwa unauma kwa ndimu na karatasi ikalowa. Celestin akapiga mstari juu ya namba kumi na saba mbele yetu sote.

"Ulijua tangu lini?" Vestina akaniuliza.

"Tangu Jumamosi."

"Siku nne," akasema.

Alhamisi lori lilikuja likaondoka bila yeye. Jumamosi Mwenge ukapita. Ukuta wa soko ulikuwa na doa kubwa lililokwanguliwa, na bwana afya alikuwa amekwisha kumtukana Ambrosi mara tatu. Kumbe mmoja wa viongozi wa msafara aliliona doa, akauliza, na kabla Ambrosi hajafungua mdomo bwana afya akajibu kwamba hiyo ni kumbukumbu ya kihistoria ya wajenzi wa mji, imehifadhiwa na idara yake. Wakapiga picha. Tangu hapo kaka yangu ana amri ya kutopaka kipande kile, na kazi yake anayo. Watu wa mbali wakija wanaonyeshwa. Mtoto wa Goreth amekiwekea uzio wa vijiti ili mbuzi wasilambe.

Vestina yupo. Anazunguka vilevile, Kabungu, Nsemulwa, stesheni, na akipita sokoni huwa anasimama kidogo kwenye ule ukuta. Nilimwomba radhi nyumbani kwake mbele ya kaka yangu, nikapeleka na kitenge. Alinisamehe. Alisema amenisamehe, akanipikia, akanipa maji ya kunawa. Ambrosi alifurahi akadhani yamekwisha.

Wiki iliyofuata alikuja mezani kwangu. Nilimwona tangu mbali, nikasogeza fungu la dagaa karibu na ukingo pale ambapo mkono wake huwa unafika. Nikavuta pumzi nimtukane kwanza, nimfungulie njia.

Akasimama mbele ya meza, hatua moja nyuma ya wateja, mikono ameikunja kwenye kanga. Akanisubiri nimalize na aliyetangulia. Kisha akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, dada," akasema. "Dagaa fungu ni shilingi ngapi?"

Goreth aliacha kupanga ndimu. Mimi nilimwangalia wifi yangu, nikatafuta usoni kwake hata chembe ya mzaha, nikakosa. Nyuma yake watu walikuwa wanasubiri.

"Marahaba," nikamjibu, nikamtajia bei.